Kamusi za asili ya maneno mtandaoni, zikipimwa kwa neno breath

Ukitaka kujua neno la Kiingereza limetoka wapi bila kutoa hela, anza na Online Etymology Dictionary, tovuti ambayo wengi huiita Etymonline. Kwa matamshi na maana za leo, fungua Merriam-Webster. Wiktionary ina mengi, lakini isomwe kwa tahadhari. Oxford English Dictionary, yaani OED, ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo yenye ushahidi wa maandishi, ila ni ya kulipia, na mwalimu au mfasiri wa kawaida anaweza kuishi bila hiyo. Tumefikia uamuzi huo kwa kuzipitisha zote nne kwenye neno moja dogo: breath, pumzi, pamoja na kitenzi chake breathe, kupumua.

Neno hili linafaa kupimia kwa sababu linaonekana jepesi. Aliyesoma Kiingereza cha shule analijua. Hata hivyo ndani yake mna karibu kila kitu kinachomtatiza msomaji wa historia ya maneno: maana iliyohama, irabu iliyofupika, nomino na kitenzi vinavyochanganywa kila siku, na mzizi wa kale ambao wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu yake.

Kwanza tuseme jibu kamili linapaswa kuwa na nini. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa Uingereza kabla ya mwaka 1100 hivi, neno liliandikwa brǣþ (herufi þ husomwa th), na maana yake haikuwa pumzi. Lilimaanisha harufu, iwe ya kupendeza au ya uvundo, na mvuke unaofuka kutoka kwenye kitu cha moto. Pumzi ya mtu ilikuwa na neno lake, æþm, ndugu wa Atem la Kijerumani cha leo na adem la Kiholanzi; wanaisimu wanalihusisha pia na ātman la Kisanskriti, lenye maana ya nafsi. Kupumua nako kulikuwa na vitenzi vyake, orþian kikiwa kimojawapo. Kufikia miaka ya 1300, brǣþ lilikwisha kunyang'anya æþm kazi yake. Mvuke wa kitu cha moto ukawa mvuke wa kinywa, kisha hewa yenyewe inayoingia na kutoka mapafuni, na æþm likafa. Kitenzi breathe hakikuwepo katika Kiingereza cha Kale. Kilizaliwa na nomino, na kinaonekana kwenye maandishi kuanzia karibu na mwaka 1300. Anayetilia shaka habari ya mvuke aangalie Brodem la Kijerumani, ndugu wa damu wa breath: mpaka leo maana yake ni mvuke.

Etymonline inakupa karibu yote hayo katika aya moja. Tovuti hii ni kazi ya Mmarekani Douglas Harper, aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inasomwa bure, matangazo yakiwa pembeni. Kurasa zake ni maandishi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo haili bando kama tovuti za picha na video.

Namna ya kuisoma ina taratibu zake. Andika breath kwenye kisanduku cha kutafutia, na itakuletea nomino, kitenzi, na maneno yaliyozaliwa nayo kama breathless. Tazama herufi zinazoandamana na neno: n. ni nomino, v. ni kitenzi, adj. ni kivumishi. Fungua nomino kwanza, kwa kuwa ndiyo mzazi. Maelezo ya asili huenda kinyumenyume, kutoka Kiingereza cha Kale kurudi nyuma hadi lugha mame, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha ndugu. Baada ya hapo ndipo maana mpya zinapotajwa, kila moja na wakati wake. Msomaji anayeishia kwenye sentensi ya kwanza ataondoka na harufu na mvuke peke yake, na hatajua pumzi iliingia lini.

Tarehe ndipo wengi wanapoteleza. Alama c. kabla ya mwaka ina maana ya "karibu na". Maandishi kama late 14c. yanasema mwishoni mwa karne ya 14, yaani miaka ya kuelekea 1400. Ni kosa la kawaida sana kuyasoma kama mwishoni mwa miaka ya 1400, na mwanafunzi akifanya hivyo amekosea kwa karne nzima. Halafu tarehe yenyewe ni ya andiko la zamani kuliko yote lililosalimika, si ya siku neno lilipoanza kusemwa. Kwa kitenzi cha kila kinywa kama kupumua, watu huenda walikisema muda mrefu kabla ya mwandishi yeyote kukitia wino.

Kasoro ya Etymonline ni kwamba haikuonyeshi sentensi za ushahidi. Unaambiwa maana fulani ilianza wakati fulani, lakini huoni nani aliandika nini. Pia haikufundishi kulitumia neno: maana za leo zinatajwa pale tu zinapohusu historia. Mtu anayeitumia kama kamusi ya kawaida atapotea.

Kuna alama nyingine ndogo inayostahili kuelezwa kwa urefu, nayo ni kinyota. Umbo lenye kinyota mbele halijawahi kuonekana kwenye maandishi yoyote. Wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha ndugu, kama wanaisimu wa Kibantu wanavyoandika *-ntu. Kwa breath, hatua ya kwanza nyuma, kwenye lugha mame ya Kijerumaniki, iliyozaa Kiingereza, Kijerumani na Kiholanzi, haina ugomvi mkubwa: tofauti ni za tahajia. Ugomvi uko hatua ya pili, kwenye lugha mame ya Kihindi-Ulaya, ya kale zaidi, iliyozaa pia Kilatini na Kisanskriti. American Heritage Dictionary, ambayo nayo iko mtandaoni bure na ina kiambatisho cha mizizi kilichoandaliwa na Calvert Watkins, inalipeleka neno kwenye mzizi wa kunusa na kupumua, unaoandikwa *gʷhrē-. Etymonline inaufuata mzizi huo, tena kwa kuweka neno la tahadhari, perhaps. Wengine, Wiktionary ikiwemo, wanalipeleka kwenye mzizi mwingine kabisa, unaoanza na bh na wenye maana ya joto na kuchemka.

Ukifungua kamusi moja tu hutaona kwamba kuna mjadala. Kwa hiyo jambo la kufanya ni hili: fungua mbili, linganisha maumbo yenye kinyota, na yakitofautiana usimpe mwanafunzi lolote kati yake kama ukweli uliothibitishwa. Ishia kwenye brǣþ. Hilo limeandikwa, lina hati zake, na halina mpinzani. Tunalisisitiza kwa sababu mabango ya "asili ya neno" yanayozunguka kwenye simu hupenda sana kuruka moja kwa moja hadi kwenye mzizi wa kale na kuutangaza kwa uhakika ambao waliouunda hawana.

Merriam-Webster inashinda zote kwa matamshi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Ina kitufe cha sauti kwa breath na kwa breathe. Katika maandishi yake ya matamshi, th ya kawaida ni th ya thelathini, na th iliyopigiwa mstari chini ni dh ya dhahabu. Basi breath ni "breth", irabu fupi. Breathe ni "briidh", irabu ndefu. Ile e ya mwisho ndiyo inayokuambia kwamba hiki ni kitenzi. Breathing inaiacha e kwenye tahajia lakini inabaki na dh. Breaths, wingi wa nomino, ina th. Breathes ina dh. Anayetamka zahabu badala ya dhahabu atasema "briiz", na hilo ni neno jingine kamili, breeze, upepo mwanana. Anayesema selasini badala ya thelathini atatoa "bres". Mwalimu aanze na thelathini na dhahabu ubaoni, ndipo aende kwenye Kiingereza. Sauti zote mbili wanafunzi wanazo tayari. Asisahau breadth, upana, ambayo hutofautiana na breath kwa d moja na huchanganywa sana kwenye insha.

Lakini Merriam-Webster ina mtego kwenye mpangilio wa maana. Inazipanga kwa umri, siyo kwa wingi wa matumizi. Maana namba 1 ya breath humo inahusu hewa yenye harufu. Hewa tunayoivuta na kuitoa iko chini, kwenye namba 4. Mwanafunzi aliyezoea kunakili maana ya kwanza ataandika harufu na kupata sifuri, ilhali kamusi haikumdanganya. Chini ya ukurasa kuna sehemu ya historia ya neno, fupi, na mwaka wa kwanza kutumika. Kwa maneno ya Kiingereza cha Kale huandika tu kwamba ni kabla ya karne ya 12, basi.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo Etymonline inaifanya kwa ubora ambao hatukuuona kwingine bure: kuunganisha koo. Kiingereza kina koo mbili za pumzi. Moja ni ya breath, ya Kijerumaniki, ya nyumbani. Nyingine ni ya kitenzi cha Kilatini spirare, kupumua au kuvuma, iliyoingia kupitia Kifaransa na vitabu vya wasomi. Ukifungua spirit na kufuata viungo, unafika kwenye inspire, expire, respire, conspire, aspire, perspire na transpire, na kila moja linaeleza kiambishi chake: in- ni ndani, ex- ni nje, con- ni pamoja, per- ni kupitia. Conspire, kula njama, kwa Kilatini ni kupumua pamoja. Perspire, kutokwa na jasho, ni kupumua kupitia, kama ngozi inavyotoa unyevu. Hata spiriti, ile ya kusafishia kidonda zahanati, inatoka humu: waliokuwa wakikeneka vileo waliuita mvuke unaopanda roho ya kitu, na kufikia karne ya 17 neno hilo lilikuwa jina la vileo vikali.

Koo hizo mbili zinaonekana vizuri ukiweka Mwanzo 2:7 katika lugha tatu. Biblia ya Kilatini inasema inspiravit, halafu spiraculum vitae. Ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema breathed, halafu breath of life. Union Version ya Kiswahili inasema "akampulizia puani pumzi ya uhai". Mfasiri wetu hakutumia shina moja mara mbili kama Waingereza na Walatini. Alichukua -puliza kwa tendo la kupeleka hewa kwa mwingine, na pumzi kwa kitu chenyewe. Yuko sahihi kabisa, kwa kuwa -pumua haina mpokeaji. Ukikutana na breathe yenye into nyuma yake, fuata njia hiyohiyo.

Expire inatuhusu kila siku. Dawa imeexpire, bando limeexpire. Etymonline itakuonyesha kwamba Kilatini chake ni kutoa pumzi nje, na kwamba katika Kiingereza maana ya kufa ilitangulia, mwishoni mwa karne ya 14 hivi, kisha ya muda kwisha ikafuata karne ya 15. Lakini maana ya kutoa pumzi haijafa, imehamia hospitali. Kwenye vitabu vya uuguzi na fiziolojia, inspiration ni kuvuta pumzi na expiration ni kutoa pumzi. Kipimo cha mapafu kinachoandikwa FEV1 hupima hewa ambayo mgonjwa anaitoa kwa nguvu katika sekunde 1 ya kwanza, na herufi E inasimamia expiratory. Programu za kutafsiri zikinyimwa muktadha zinaweza kukupa "kumalizika kwa muda" mahali pa "kutoa pumzi", na sentensi ikapita kwa sababu kisarufi haina doa. Kagua kila expiration katika maandishi ya kitabibu: ikiwa inazungumzia chupa au pakiti, ni muda, ikiwa inazungumzia kifua, ni pumzi.

OED tumeiweka nyuma kwa sababu ya gharama tu. Kwa ubora haina mwenzake. Toleo la kwanza lilitoka vipande vipande kuanzia 1884 hadi 1928, la pili likatoka 1989 katika juzuu 20, na marekebisho ya toleo la tatu yanatolewa mtandaoni tangu mwaka 2000. Chini ya kila maana kuna nukuu zenye mwaka, kuanzia ya kale kuliko zote, na maana iliyokufa huwekewa kisalaba. Hapo ndipo unaona kwa macho yako brǣþ ya harufu ikififia na breath ya pumzi ikichukua nafasi. Asiyelipia huona muhtasari tu. Kabla ya kutoa hela, uliza maktaba ya chuo chako kama ina usajili. Vyuo vingi duniani vinao, na ndugu walioko Uingereza mara nyingi hupata bure kwa kadi ya maktaba ya umma. Ukishaingia, angalia kiingizo kimefanyiwa marekebisho lini. Baadhi bado vina maandishi ya karne ya 19, na nadharia za mizizi za wakati huo nyingine zimepitwa.

Mfano wa mahali ambapo nukuu za OED zinaamua kesi ni "with bated breath", kwa pumzi iliyobanwa. Watu wengi huandika baited, kana kwamba kuna chambo ndani yake. Bated ni kifupi cha abated, iliyopunguzwa, na nukuu ya kale inatoka kwa Shakespeare, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alituletea kama Mabepari wa Venisi. Shylock anauliza kama anatakiwa kuongea kwa unyenyekevu wa mtumwa, pumzi ameipunguza. Ukishaisoma sentensi yenyewe, chambo hakina pa kukaa.

Wiktionary ina alama za matamshi za kimataifa, orodha ndefu za maneno yaliyozaliwa, na jedwali la tafsiri katika lugha nyingi. Inaandikwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuhariri, kwa hiyo fungua kichupo cha historia uone kiingizo kilibadilishwa lini na kwa sababu gani. Sehemu ya asili ya neno isiyotaja chanzo chochote ichukuliwe kama fununu. Faida yake kubwa kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika ni kwamba inapatikana kupitia programu ya bure ya Kiwix: unapakua faili zima ukiwa kwenye wifi, kisha unasoma bila mtandao. Faili la Kiingereza ni la gigabaiti kadhaa, hivyo chagua lisilo na picha na uhakikishe simu au kompyuta ina nafasi kabla ya kuanza, maana upakuaji ukikatikia njiani kwa kukosa nafasi, bando lote limekwenda bure.

Kuna kazi moja ambayo hakuna kati ya hizi inayoifanya, nayo ni kukupa Kiswahili cha misemo. Kujua kwamba breath lilikuwa mvuke hakukusaidii kutafsiri "under his breath". Kinachoandikwa mara nyingi, "chini ya pumzi yake", hakisemwi na mtu. Sema alinong'ona, au alinung'unika chinichini. "Out of breath" ni kuhema au kutweta. "Hold your breath" ni bana pumzi. "Bad breath" ni kunuka mdomo, na hapo pana mabaki hai ya ile maana ya kwanza ya harufu. "To take a breather" Kiswahili kinayo tayari ndani ya pumzika. "He breathed his last" ni alikata roho. "Shortness of breath" kwenye fomu ya mgonjwa usiiite "ufupi wa pumzi", kwa kuwa mgonjwa hatajua unamuuliza nini; andika kupumua kwa shida, au muulize kama pumzi inambana, na akiwa na pumu atakujibu mara moja. Kwa kazi hiyo weka mezani Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Haielezi asili ya neno hata moja, lakini itakupa neno la kumwambia mtu.